Wanawake sita walishuka pangoni, na huku juu hakuna aliyejua walipo

Filamu ya Uingereza iitwayo The Descent, maana yake Kushuka, ilitoka katika majumba ya sinema ya nchi hiyo tarehe 8 Julai 2005. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado inatajwa kila mara watu wanapohesabu filamu za kutisha zilizofanywa vizuri. Ndani yake mna viumbe vyeupe, vipofu, vyenye meno, vinavyotambaa juu ya kuta za pango na kula watu. Lakini mtu akiiangalia leo kwa utulivu, anaona jambo ambalo matangazo yake hayakulisema: karibu nusu ya filamu inapita kabla kiumbe hata kimoja hakijaonekana waziwazi, na kufikia hapo wanawake wale sita wamekwisha kupotea. Kilichowapoteza ni uongo wa rafiki yao.

Aliyeiandika na kuiongoza ni Neil Marshall, mzaliwa wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Miaka mitatu mbele yake alikuwa ametoa Dog Soldiers, hadithi ya askari wanaozingirwa na watu-mbwamwitu katika msitu wa Scotland. Kwa filamu hii ya pili alikuwa na wazo la kuchanganya wanaume na wanawake, kisha akabadilisha na kuweka wanawake peke yao, jambo ambalo filamu za kutisha zilikuwa hazifanyi. Na hakuwaandika kama wasichana wa kupiga kelele na kungojea mwanaume aje kuwatoa. Wanajua kufunga kamba, wanajua kusoma mwamba, na mmoja anajua kurudisha mfupa uliovunjika mahali pake. Ndiyo sababu kupotea kwao kunauma: si watu wajinga.

Hadithi inaanza mbali na giza. Ni mchana, mtoni Scotland, marafiki watatu wako katika boti la mpira: Sarah, Juno na Beth. Kwenye ukingo wanangojewa na Paul, bwana ya Sarah, pamoja na binti yao mdogo Jessica. Wakirudi hotelini, motokari yao inagongana uso kwa uso na nyingine, mabomba ya chuma yanapenya kioo, na kwa sekunde chache Sarah anabaki bila bwana na bila mtoto. Mwaka mmoja unapita. Juno anawakusanya marafiki huko Marekani, katika milima ya Appalachia, ili washuke pangoni pamoja kama zamani, eti kumfariji mfiwa. Wanaongezeka Rebecca na mdogo wake Sam, anayesomea udaktari, na Holly, kijana ambaye hatari kwake ni kama mchezo wa mpira.

Pango waliloambiwa wanakwenda ni Boreham, pango la watalii kwa maneno ya Holly mwenyewe, ambaye anaona ni rahisi mno. Kuna kitabu cha kuliongoza. Juno anakiacha ndani ya motokari, kwa makusudi, na kamera inatuonyesha mkono wake ukifanya hivyo. Mtazamaji wa mara ya kwanza hajali. Mtazamaji wa mara ya pili anajua kwamba hapo ndipo filamu imekwisha amua nani atakufa.

Sehemu inayowashinda watazamaji wengi haina kiumbe ndani yake. Ni njia nyembamba ambamo wanawake wanapita kwa tumbo, mmoja nyuma ya mwingine, wakisukuma mizigo yao mbele. Sarah anakwama. Mikono haina pa kwenda, kifua hakipati nafasi ya kujaa, na kadiri anavyohema ndivyo mwamba unavyombana zaidi. Beth anarudi nyuma, anauweka uso wake karibu na wa rafiki yake, anamwambia apumue polepole, anamtupia mzaha. Anamtoa. Wakati huohuo mawe yanaanza kulia, na njia inaporomoka nyuma yao. Marshall anaendesha dakika hizo bila haraka yoyote, na ni vigumu kutaja filamu nyingine iliyoonyesha vizuri namna mwili wa mtu unavyogeuka adui yake mwenyewe chini ya ardhi.

Vumbi linapotulia, Rebecca anawatuliza wenzake: watu wa uokoaji watakuja, maana kabla ya kushuka mtu huacha taarifa ya pango analoingia na saa ya kurudi. Hapo Holly anatamka kwamba hili si Boreham. Ni pango lisilo na jina, lisilo na ramani. Juno alitaka wawe wa kwanza kuligundua. Anasema hata lingeweza kupewa jina la Sarah. Taarifa iliyoachwa huko juu, kama ipo, inaelekeza waokoaji kwenye shimo lingine kabisa.

Kuanzia dakika hiyo, hata kama viumbe visingekuwako, wale watu wamekufa. Viumbe vinaharakisha tu.

Baiskeli mlangoni

Ili kuelewa uzito wa kosa la Juno, inafaa kukumbuka kilichotokea Thailand. Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya mpira pamoja na kocha wao kijana waliingia katika pango la Tham Luang, jimbo la Chiang Rai, baada ya mazoezi. Mvua ilinyesha, maji yakajaa nyuma yao, wakafungiwa. Hawakuwa na chakula wala simu yenye kufika nje. Lakini waliacha baiskeli na viatu mlangoni. Wazazi waliokuwa wakiwatafuta usiku ule, na walinzi wa hifadhi, walikuta zile baiskeli zimeegeshwa, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena waende kutafuta wapi.

Siku ya tisa, tarehe 2 Julai, wapiga mbizi wawili wa Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliibuka ndani ya giza, kilometa kadhaa kutoka mlangoni, wakakuta wote 13 wako hai, wameketi juu ya udongo ulioinuka. Kuwatoa kulikuwa kazi nyingine. Daktari Richard Harris kutoka Australia aliwapa dawa ya usingizi ili wasihangaike ndani ya maji, wakabebwa mmoja mmoja kama mizigo kwa muda wa siku tatu, hadi 10 Julai. Mpiga mbizi Saman Kunan, askari wa zamani wa majini wa Thailand, alikufa tarehe 6 Julai akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Ron Howard alifanya filamu juu ya habari hiyo mwaka 2022, Thirteen Lives, na hakuhitaji kuongeza kiumbe chochote.

Baiskeli peke yake haitoshi sikuzote. Mwaka 1925, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, Floyd Collins, mtu aliyeyajua mapango kuliko jirani zake wote, alibanwa mguu na jiwe ndani ya Sand Cave. Alikuwa ameingia peke yake. Wenzake walimkuta kesho yake, walimlisha, walizungumza naye, wakamchimbia shimo la pembeni, huku maelfu ya watu wakikusanyika juu na magazeti yakiuza habari yake nchi nzima. Alikufa kabla shimo lile halijamfikia. Alijulikana alipo, bado akafa. Wanawake wa Marshall hawana hata hilo.

Shimo ambalo majirani wanalijua

Msomaji wa Kamituga, Misisi, Shabunda au Mongbwalu hahitaji kuelezwa pango ni nini. Anajua mdomo wa shimo uliowekewa miti, kamba, tochi iliyofungwa kichwani, mpira unaopeleka hewa chini, na mota inayovuta maji usiku kucha. Anajua pia kwamba mchimbaji hashuki kwa kutafuta raha. Hilo ndilo linalomtenga na watu wa filamu: Juno alilipa nauli ya ndege ili ajiweke hatarini, wakati kijana wa Mwenga anashuka kwa sababu ya karo ya wadogo zake au deni la duka. Kwa mtu kama huyo, mwanzo wa The Descent unaweza hata kuchekesha kidogo. Wanalala katika nyumba nzuri ya miti, wanakunywa pombe, halafu asubuhi wanakwenda kujiingiza shimoni bila kutafuta hata gramu moja.

Kicheko kinakoma kwenye ile njia nyembamba. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, shimo la dhahabu liliporomoka katika eneo liitwalo Detroit, karibu na Kamituga, Kivu ya Kusini. Watu kama 50 walihofiwa kufa. Wengi walikuwa vijana. Kwa siku kadhaa baadaye, familia zilisimama pembeni ya udongo uliolowa zikiangalia watu wakichimba.

Kuna picha nyingine, ya Machi 2023, ambayo wakaaji wengi wa mashariki waliipokea kwenye simu zao. Ni Kivu ya Kusini vilevile. Shimo limeziba, kijana mmoja anafukua udongo kwenye mteremko, na ghafla mtu anachomoka kwenye tundu kama anayerushwa na ardhi. Anafuata wa pili. Anafuata wa tatu. Umati unapiga kelele kila mara kichwa kinapotokea, mpaka wametoka watu tisa. Hakuna mashine, hakuna kikosi chenye nguo maalumu. Kilichowaokoa ni kwamba waliokuwa juu walijua hasa ni wapi pa kuchimba, na hawakungojea.

Kanuni za migodi za DRC zinaweka kikomo cha mita 30 kwa shimo la mchimbaji wa mkono. Mashimo mengi yamekwisha kupita kipimo hicho, na katika mengi hakuna daftari la majina mlangoni. Yule anayeitwa PDG, mwenye shimo, anajua timu yake. Mama anayetwanga mawe huko juu anajua mwanawe yuko zamu gani. Mwenzake wa shimo la jirani anasikia pigo la nyundo kupitia mwamba. Hayo ndiyo daftari. Siku shimo linapoingiliana na lingine chini kwa chini, au kijana wa kutoka mbali anaposhuka usiku bila kuaga, daftari hilo la midomo linakosa ukurasa. Mchimbaji wa namna hiyo yuko mahali palepale Juno alipowaweka marafiki zake.

Giza la kutengenezwa

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya waigizaji hao aliyeshuka pangoni kwa ajili ya sehemu za ndani. Pango lote lilijengwa katika studio za Pinewood, karibu na London, kwa kuwa kupiga picha ndani ya pango la kweli kulionekana hatari na kungekula muda mwingi. Simon Bowles ndiye aliyebuni kuta hizo. Vipande vilevile viligeuzwa na kupigwa picha kutoka upande mwingine, vikaonekana kama chumba kipya. Milima nayo ni ya Uingereza, si ya Marekani, ingawa hadithi inasema Appalachia.

Kinachofanya udanganyifu huo ukubalike ni taa. Mpiga picha Sam McCurdy aliamua mwanga utoke tu kwa vitu ambavyo wanawake wenyewe wamebeba: taa za kofia, vijiti vinavyong'aa kijani, mioto myekundu ya dharura, na kamera ndogo ya video inayoona gizani. Hakuna mwanga wa bure unaoshuka kutoka dari kama katika filamu nyingine za mapangoni. Robo tatu ya picha mara nyingi ni nyeusi tupu, na jicho la mtazamaji linahangaika pembeni, likitafuta kitu ambacho labda kipo na labda hakipo. Kamera ya video ndiyo inayotoa jibu. Mmoja anaigeuza polepole, inapita nyuso za marafiki zake, na nyuma ya bega la Beth amesimama mtu asiye mtu.

Marshall aliwaficha viumbe hivyo kwa waigizaji wake mpaka siku ya kupiga picha ya kukutana navyo mara ya kwanza. Sehemu ya kelele inayosikika ni ya kweli.

Filamu ilipokuwa tayari kutoka, dunia iliingia ndani yake bila kualikwa. Tarehe 7 Julai 2005, siku moja kabla ya maonyesho kuanza, mabomu yalilipuka London ndani ya treni tatu za chini ya ardhi na ndani ya basi moja. Watu 52 waliuawa. Basi lile, namba 30, lilikuwa limebandikwa tangazo la The Descent: uso wa mwanamke anayepiga kelele ndani ya njia ya chini, na sifa ya gazeti yenye neno lenye maana ya hofu kuu, neno lilelile ambalo ugaidi umepewa jina lake kwa Kiingereza. Kampuni iliyosambaza filamu iliondoa matangazo hayo na kuyaandika upya bila neno hilo.

Mwaka huohuo kulikuwa na mshindani. Hollywood ilitoa The Cave ya Bruce Hunt, nayo juu ya wachunguzi waliofungiwa pangoni na viumbe, safari hii Romania, na watu wa Marshall walikimbiza kazi yao ili itangulie. Ile ya Marekani ilikuwa na fedha nyingi zaidi, wapiga mbizi, vifaa vya kung'aa. Leo ni wachache wanaoikumbuka, na si dhuluma. Wahusika wake hawana jambo lolote la kufichiana.

Viumbe vya chini vilivyo vya kweli

Watambaaji wa Marshall, kwa maelezo yake mwenyewe, ni watu wa kale ambao hawakutoka pangoni wenzao walipotoka. Vizazi vikapita, macho yakafa, ngozi ikapoteza rangi, masikio yakawa ndiyo macho. Wako wa kiume, wa kike na watoto. Ni jamii, inayolinda mahali pake.

Sehemu ya wazo hilo imetoka kwenye maumbile ya kweli, na mfano mmoja uko nyumbani. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, zamani Thysville, jimbo la Kongo Central, anaishi samaki mdogo mweupe-waridi asiye na macho yanayoonekana. Wataalamu walimpa jina Caecobarbus geertsii mwaka 1921. Hapatikani kwingine duniani zaidi ya mapango ya eneo hilo, na biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa kuwa wafugaji wa samaki wa vioo huko nje walimpenda mno. Huko Slovenia na nchi jirani kuna mjusi wa majini aitwaye olm, kipofu pia, anayeweza kukaa miaka bila kula. Na Romania, mahali ambapo The Cave iliweka viumbe vyake vya kubuni, kuna pango la Movile lililofunguliwa kwa bahati mwaka 1986, ambamo wadudu na viumbe vidogo vimeishi mbali na jua, vikitegemea bakteria wanaojilisha kwa kemikali za maji ya chini.

Wote hao wana kitu kimoja: ni wadogo, na ni wapole. Giza halina chakula cha kutosha kulea mnyama mkubwa mwenye kuwinda. Marshall alilijua tatizo hilo, ndiyo maana watambaaji wake hutoka nje usiku kuwinda, na wanawake wanakuta chumba kizima kilichojaa mifupa ya wanyama wa msituni.

Kiumbe hatari cha chini ya ardhi kipo, lakini hakina meno. Kati ya mwaka 1998 na 2000, wachimbaji wa dhahabu wa Durba, eneo la Watsa, katika jimbo ambalo leo ni Haut-Uele, walianza kufa kwa homa na kutokwa damu. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Wagonjwa 154 walihesabiwa. 128 kati yao walikufa. Karibu nusu walikuwa vijana wanaume waliofanya kazi shimoni, wengi katika mgodi wa Gorumbwa, ambamo waliishi popo wengi. Watafiti walipopima damu hawakukuta virusi vya aina moja vilivyopita kutoka mtu hadi mtu, bali vya aina nyingi, ikimaanisha kwamba ugonjwa ulikuwa ukitoka shimoni tena na tena. Mgodi ulipojaa maji mwaka 2000, vifo vikakoma. Baadaye, katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda, virusi hivyo vilipatikana ndani ya popo wala matunda wenyewe.

Hakuna aliyeandika filamu juu ya Gorumbwa. Ingekuwa vigumu kuiuza: adui haonekani kwenye kamera ya aina yoyote, na wanaokufa hawakwenda kutafuta jina la pango.

Miisho miwili

Asiyetaka kuambiwa mwisho wa filamu aachie hapa.

Juno, aliye mpiganaji kuliko wote, anaua kiumbe kwa sururu yake, anasikia hatua nyuma, anageuka na kupiga bila kuangalia. Amempiga Beth shingoni. Beth anaanguka akimshika mkufu, na Juno, badala ya kubaki, anarudi nyuma na kuondoka. Baadaye anawaambia wengine kwamba Beth amekufa. Ni uongo wa pili, na unafanana na wa kwanza: anamwacha mtu mahali ambapo hakuna atakayemtafuta. Sarah anamkuta Beth angali anapumua. Beth anamkabidhi ule mkufu, wenye maneno ambayo Paul alizoea kuyasema. Hapo Sarah anaelewa bwana yake alikuwa na nani. Beth anaomba asiachwe akiwa hai kwa viumbe, na Sarah anamfanyia kile alichoomba, kwa jiwe.

Ukitazama vizuri, filamu nzima imeshikiliwa na swali la nani anarudi kwa ajili ya nani. Beth alirudi katika njia nyembamba kwa ajili ya Sarah. Sam anakataa kumwacha Holly mwenye mguu uliovunjika. Juno naye si mwoga wala si mbaya moja kwa moja. Anawapigania wenzake kwa nguvu zote maadamu hakuna anayejua aliyoyafanya. Natalie Mendoza anamcheza hivyo, bila kumgeuza shetani, na Shauna Macdonald kama Sarah anaanza akiwa mjane anayetetemeka, anamaliza akiwa amepakwa damu toka kichwa hadi miguu, macho yamekuwa ya mtu mwingine. Wanapobaki wawili, Sarah anamwonyesha Juno mkufu, anampiga sururu mguuni, anamwachia viumbe.

Katika toleo la Marekani la mwaka 2006, Sarah anatoka. Anapanda mlima wa mifupa kuelekea mwanga, anachomoka ardhini akivuta hewa, anakimbilia motokari, anaendesha kama mwendawazimu, anasimama kutapika, na akigeuka anamwona Juno ameketi pembeni yake, damu tupu. Mwisho. Watazamaji wanaruka kwenye viti na kwenda nyumbani.

Toleo la Uingereza lina dakika moja zaidi, na dakika hiyo inabadilisha yote. Sarah anafumbua macho. Hakutoka. Bado yuko chini, mlima wa mifupa na motokari vilikuwa ndoto. Mbele yake ameketi Jessica, binti yake, na keki ya siku ya kuzaliwa yenye mishumaa. Mama anatabasamu. Kamera inarudi nyuma, tunaona kwamba mishumaa ni mwenge uliokuwa karibu kuzimika, na sauti za viumbe zinakaribia kutoka pande zote. Wasambazaji wa Marekani waliona mwisho huo ni mzito mno kwa watu wao, wakaukata. Walichokikata ndicho kilichofanya filamu iwe juu ya mfiwa: kule juu hakuna tena mtu anayemngojea Sarah, na mtoto wake yupo huku tu, gizani.

Marshall alipata tuzo ya mwongozaji bora katika tuzo za filamu huru za Uingereza mwaka huohuo wa 2005. Mwaka 2009 sehemu ya pili ilitoka, ikiongozwa na Jon Harris, aliyekuwa mhariri wa ile ya kwanza. Ilibidi ifuate mwisho wa Marekani, maana inamhitaji Sarah akiwa hai: anaokotwa barabarani, hakumbuki kitu, na mkuu wa polisi anamlazimisha arudi chini kuwaonyesha waokoaji njia. Sasa kuna kikosi, kuna mbwa, kuna redio. Mlango wanaoutumia kuingia ni lifti ya mgodi wa zamani.